Jicho Lililojaribiwa Jumapili

Wiki iliyopita nilirudi kiwandani kuchukua fomu moja ya kustaafu, na Kerubo, fundi aliyerithi meza yangu, akanionyesha kibao kilichopigiliwa juu ya mlango wa karakana. Kibao chenyewe nakijua. Nilikiandika mimi kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka mabomba: MKONO SAFI HAUJARIBU JICHO. Akaniuliza, kwa adabu zake zote, kama nilikuwa na akili timamu siku hiyo. Wageni wanaotembelea kiwanda hukisoma wakacheka, alisema, na wengine hudhani ni mambo ya dini. Nikamjibu kwamba dini imo kidogo, ila kisa ni kirefu. Nimeona nikiandike, kwa sababu mafundi wanaoingia sasa hawakuwepo, na waliokuwepo hawapendi kukizungumzia.

Nilikuwa fundi wa umeme na vipimo katika kiwanda cha chai hapa Nyamira kwa zaidi ya miaka thelathini. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaruka. Cheo hakijawahi kusimamisha rola hata siku moja, na mshahara mnaujua, ndio huo mnaoupokea.

Nilifika kutoka kwetu Ogembo nikiwa na cheti kipya, mita mpya ya kupimia umeme, na viatu ambavyo havikufaa kabisa sakafu yenye maji. Aliyenipokea ni Mzee Odhiambo, fundi mkuu, mtu mrefu wa upande wa ziwani aliyesema Kiswahili polepole ili sisi Wakisii tusipate kisingizio cha kutosikia. Alinipa mkono wa kulia, nami nikahisi upungufu kabla sijauona. Vidole vilikuwa vitatu.

Hakunionyesha ofisi wala choo. Alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kukata majani. Asiyeijua aelewe hivi: majani yakishanyauka hupita juu ya mkanda mweupe hadi kwenye mdomo wa mashine, na humo ndani mna rola mbili za chuma zenye meno, moja inazunguka taratibu na nyingine kwa kasi. Jani likiingia kati yao halitoki jani, linatoka punje. Siku hiyo mashine ilikuwa inasafishwa. Mzee Odhiambo akachukua kipande cha mgomba, kinene kama mkono wangu, akaniambia nitazame, kisha akakisukuma mdomoni. Kilimezwa kabla sijasikia sauti yake.

"Hiyo ilikuwa mkono yako, nyathina," akasema. Nyathina ni mtoto wangu, kwa kwao. Hakuniita jina lingine tangu siku hiyo.

Halafu akanipa kijiti cha mkaratusi, urefu wa mkono, kilichochongwa bapa upande mmoja. Kila mtu wa mashine ile alikuwa na chake. Majani mabichi yakija na maji mengi hushikana mabonge na kuziba mdomo, na bonge lazima lisukumwe.

"Majani ikikwama, hii. Si kidole. Hata kama meneja anakuita. Hata kama bonge ni kadogo."

Nilimuuliza vidole vyake viliendaje. "Nilikuwa na haraka," akajibu. Tulifanya kazi pamoja hadi alipostaafu na hakuwahi kuongeza neno juu ya hayo matatu.

Baada yake kuondoka, kazi ya kulinda mikono ya watu ikawa yangu. Juu ya mdomo palikuwa na kifuniko cha wavu wa chuma, lakini bonge likikwama lazima kifuniko kiinuliwe, na msimu wa mvua kilikaa kimeinuliwa kutwa. Tulijaribu kufunga mwale wa taa upite mbele ya mdomo, mkono ukiukata mashine izime. Vumbi la chai liliufunika ule mwale kila baada ya saa moja, na kijana wa kufuta vioo hatukupewa. Tukajaribu kamera na kompyuta. Kamera ilikuwa nzuri sana katika kueleza kilichotokea, baada ya kutokea. Mpaka ipige picha, ipeleke, kompyuta ifikiri, rola zilikuwa zimeshamaliza kazi yao.

Ndipo akaja Daktari Nyakundi. Huyu ni mwana wa Magwagwa, mama yake alikuwa akiuza majani kwenye kituo chetu cha kununulia. Alisomea ng'ambo macho ya wadudu, jambo ambalo mama yake alipata shida kuwaeleza majirani. Alikuja na kiboksi kama cha kuwekea hereni, na ndani mna chipu kumi, kila moja ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.

"Madam Moraa, hii haina kompyuta," akaniambia. "Hii ni jicho ya nzi."

"Nzi tunao wengi jikoni kwa wafanyakazi. Hukuhitaji kupanda ndege."

Akacheka, kisha akaniuliza kama nimewahi kumpiga nzi kwa kofi. Nikasema najaribu kila siku. "Kwa nini unamkosa? Kichwa yake ni ndogo kuliko punje ya uwimbi. Hana nafasi ya kufikiri. Yeye anaona tu kitu inasogea, na inasogea kwenda wapi. Basi."

Nitawaeleza jinsi inavyofanya kazi kama nilivyoielewa, na kama Daktari akisoma hapa asinisahihishe. Fikiria wanawake wawili wanaokaa kando ya barabara, nyumba zao zimepishana kidogo. Bodaboda ikipita mlangoni kwa wa kwanza, aliye upande wa juu, anamtuma mtoto kwa jirani aseme, "Imepita." Mtoto anachukua muda kufika. Akifika wakati uleule bodaboda inapita kwa wa pili, yule wa pili anajua bila kuuliza: inakwenda upande wa chini. Ikiwa bodaboda inatoka chini kwenda juu, mtoto na bodaboda hawakutani kamwe. Ndani ya chipu wanawake hao ni vijicho vya kuhisi mwanga, mamia kwa mistari, na yule mtoto ni kapasita ndogo inayouchelewesha umeme. Hakuna picha inayohifadhiwa, hakuna hesabu inayoandikwa. Umeme wenyewe ndio unaokutana au usiokutana, papo hapo, na ni mdogo mno hata mita yangu haikuweza kuusoma. Chipu haijui mkono ni nini, wala haijui chai. Inajua kwamba hapa pana weusi, hapa pana weupe, na mpaka kati yao umesogea.

Wazo letu lilikuwa jepesi. Majani husonga mbele daima, kuelekea rola. Mkono huingia kutoka pembeni. Kwa hiyo tukaliweka jicho juu ya mdomo, tukaliambia lipuuze chochote kinachokwenda mbele, na likiona kitu kinakatiza kutoka pembeni, kulia au kushoto, likate umeme na kufunga breki. Taa ya kijani ikiwaka, jicho liko kazini. Ikigeuka nyekundu, rola zimesimama.

Kati ya chipu kumi, tatu tu ndizo zilizofaa. Zilitoka tumbo moja lakini kila moja na tabia yake. Moja iliona mwendo hata mahali palipotulia, nyingine ilichoka joto la vikaushio lilipopanda. Hata ile tuliyoichagua ilitusumbua wiki nzima kwa kuzima mashine bila sababu, mpaka nikagundua zile taa ndefu za mirija juu ya mkanda hupepesa kwa kasi ambayo sisi hatuioni, nalo jicho linaiona. Nikazitoa, nikafunga taa za umeme wa betri, usiopepesa. Nilijiona fundi kwelikweli. Nawaambia ili mjue nilivyokuwa najisikia.

Jioni hiyo nilimpigia simu Mzee Odhiambo kwake. Nilimweleza kila kitu, hadi wale wanawake na bodaboda. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na kijiti?" akauliza.

"Kijiti kipo, Mzee."

"Itakuwepo mpaka lini?"

Niliudhika. Nilidhani uzee umemfanya aonee wivu kitu kipya, na nikabadilisha mazungumzo nikamuuliza hali ya ng'ombe wake.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita haraka. Meneja wa uzalishaji wakati ule alikuwa Bwana Nyang'au, si mtu mbaya, ila alikuwa na hofu kubwa zaidi ya mashine kusimama kuliko hofu ya Mungu. Mabonge ya majani yalikuwa yakibingirika kando yakifika mdomoni, jicho linayaona yanakatiza, linazima. Mara saba kabla ya chai ya saa nne. Majani yaliyokatwa nusu hukaa pale yanabadilika rangi, na wakaguzi wa ladha huko mbele wanaanza kuandika barua.

"Madam, hiyo jicho yako inaogopa hata majani," aliniambia. "Ama uipunguze woga, ama niitoe."

Pembeni mwa kasha la jicho pana skrubu ndogo ya kuamua mwendo uwe na nguvu kiasi gani ndipo lishtuke. Nikachukua bisibisi nikaikaza robo mzunguko. Mabonge yakapita bila kelele. Bwana Nyang'au akaninunulia soda mbele ya watu.

Msinifikirie kwamba sikujaribu. Nilijaribu kila wiki na kuandika kwenye daftari la karakana kwa mwandiko mzuri. Lakini kujaribu kulimaanisha kuzima mashine, na siku za kazi hilo lilikuwa marufuku. Siku iliyokuwa huru ni Jumapili asubuhi. Nyinyi mnajua kwa nini. Wakulima wetu wengi ni Wasabato kama mimi. Jumamosi hakuna anayechuma, vitanda vya kunyausha vinalala vitupu, na Jumapili asubuhi mashine ya kukata haina cha kukata. Mkanda umeoshwa, mweupe kama shuka la wageni. Nami natoka nyumbani nimeoga, nimepumzika Sabato yangu, mikono imetakata. Napitisha mkono juu ya mkanda ule mweupe, taa inageuka nyekundu, naandika: sawa. Kila Jumapili, sawa. Kulikuwa na fundi Mkatoliki zamu ileile ambaye, kama angekuwepo nikijaribu, angeweza kunionyesha kosa langu, lakini Jumapili asubuhi alikuwa kanisani kwake, na tulikuwa tumezoea kugawana siku hivyo, tukijisifu kwamba tunaelewana.

Wa kwanza kuliamini jicho alikuwa Onchiri. Ndiye aliyesimama mdomoni mwa mashine zamu ya asubuhi, mtu wa Nyaramba, mwenye kifua kipana na maneno machache. Nje ya kazi alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinanda chetu cha nyuzi nane, na hakukuwa na harusi ya maana kutoka kwao mpaka Keroka ambayo hakuitwa. Watu walisema vidole vyake vya kushoto vinaongea. Siku moja nikamwona anasukuma bonge kwa vidole hivyo hivyo.

Nikamsogelea nikamtoa kizibo cha sikio. "Onchiri, kijiti kiko wapi?"

Akanitazama kama nimemuuliza viatu vyake vya shule ya msingi viko wapi. "Madam, si uliweka jicho?"

Nilimwambia akitafute. Sikumwambia kwa ukali unaostahili, maana kusema kweli jibu lake lilinipendeza. Nani hapendi kazi yake iaminiwe? Nikaenda zangu, na kijiti nadhani kiliendelea kulala juu ya kabati la fyuzi pamoja na vya wenzake, vimeshika vumbi.

Ilikuwa Jumanne ya mvua kubwa. Majani yalifika yanatiririka, na hata baada ya kunyaushwa yalikuwa bado mazito, kijani chake kimekolea karibu na weusi. Mabonge yalifuatana. Kifuniko cha wavu kilikuwa kimeinuliwa tangu asubuhi. Mimi nilikuwa chini ya mkanda na fundi wa makanika, tunaondoa utomvu na punje zilizoganda kwenye beringi, na nilipotoka nilikuwa mweusi hadi viwikoni. Utomvu wa chai mnaujua. Unaanza kijani, unageuka kahawia, unaishia weusi ambao hata sabuni ya kipande inaukimbia.

Nikasimama upande wa mafundi, mkabala na Onchiri, mkanda kati yetu. Nilikuwa na mazoea ya kulipungia jicho kidogo nikipita mbali, mbali vya kutosha lisishtuke, kama mtu anavyompungia jirani. Siku hiyo, kwa sababu ya uchovu, mkono ulikwenda chini kuliko kawaida. Ulipita hasa juu ya majani, pale ambapo lazima taa igeuke nyekundu.

Taa ilibaki kijani.

Nilidhani nimepitisha polepole mno. Nikarudia, kwa kasi. Kijani. Nikatazama mkono wangu, nikatazama majani yaliyokuwa yanapita chini yake, na sikuweza kuona mkono unaishia wapi na majani yanaanzia wapi. Rangi ilikuwa moja. Hapakuwa na weusi wala weupe, hapakuwa na mpaka wa kusogea. Jumapili zote zile nilikuwa nikilionyesha jicho mkono mwingine, juu ya mkanda mwingine. Na kile kidogo ambacho bado lingeweza kukiona, mimi nilikuwa nimekikazia skrubu.

Nikainua macho, na ng'ambo Onchiri alikuwa ameinama. Bonge kubwa lilikuwa limeziba mdomo, na mkono wake wa kushoto, mweusi hadi kwenye kiwiko kama wangu, ulikuwa unalifuata.

Nikapiga kelele. Mashine ile huwezi kuishinda kwa sauti, na masikio yake yalikuwa yamezibwa kwa amri yangu mwenyewe. Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa kwenye nguzo nyuma ya mgongo wake. Paneli ya swichi ilikuwa nyuma yangu, hatua kumi hivi. Mkanda ni mpana, siwezi kumfikia mtu ng'ambo. Bonge lilianza kuachia. Mtu anayesukuma kitu kikaachia ghafla, mkono wake huenda nacho.

Sijui niliwaza nini. Nadhani sikuwaza. Nilikuwa nimevaa kofia nyeupe, ile ya usafi ambayo wote mnalalamika inawasha. Niliing'oa kichwani na pini zake nikaitupa ikatize mkanda, chini ya jicho, juu ya majani yale meusi.

Taa ikageuka nyekundu na breki ikauma.

Kimya kikaingia kiwandani. Watu wa kwenye vitanda vya juu wakaanza kuchungulia. Onchiri alikuwa bado ameinama, nami nikauzunguka ule mkanda mbio. Nilipofika nikaona ncha ya mkono wa ovaroli yake imeshikwa kwenye meno, na kidole cha kati kimeingia hadi kwenye ukucha. Fundi wa makanika akaizungusha rola kinyume kwa mkono, taratibu, jino baada ya jino. Ukucha ulibaki ndani. Vidole vyote vitano vikatoka.

Onchiri akavihesabu. Kisha akanitazama mimi, kichwa wazi, nywele zimesimama, na akauliza swali ambalo bado nalisikia nikiosha vyombo.

"Madam, haikuniona?"

"Haikukuona," nikasema.

"Kwa nini?"

Nikamfunga kidole kwa kitambaa, nikampeleka zahanati kwa gari la majani, nikakaa naye kwenye benchi. Aliendelea kukunja na kukunjua vile vidole vingine vinne hewani, kimoja kimoja, kama anayetafuta nyuzi.

Kesho yake Bwana Nyang'au aliniita. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa, ilihitaji sahihi yangu tu. Ilisema uzembe wa mfanyakazi: hakutumia kijiti kama inavyotakiwa. Na ilikuwa kweli, hakukitumia. Onchiri alikuwa na onyo moja tayari kwa kuchelewa baada ya harusi fulani, na hili lingemtoa kiwandani.

"Jicho ilifanya kazi, Madam," meneja aliniambia. "Si ilisimamisha mashine? Tuandike hivyo."

"Ilisimamisha kwa sababu ya kofia."

"Kofia haiko kwa ripoti."

Nilikaa na kalamu mkononi. Sitajisifu kwamba nilikuwa shujaa. Nilifikiria heshima yangu, nilifikiria Daktari Nyakundi na kazi yake ya miaka, nilifikiria miaka niliyobakiza. Halafu nikafikiria Mzee Odhiambo na maneno yake matatu. Yeye alikuwa na ujasiri wa kusema kosa lake hata kama alilisema kwa ufupi. Nikarudi karakana, nikachukua lile daftari la mwandiko mzuri, nikaandika chini ya zile sawa, sawa, sawa: Jicho nimelijaribu Jumapili tu, mkanda mtupu, mkono safi. Skrubu nimeikaza mimi. Kosa ni langu. Nikampelekea meneja daftari badala ya sahihi. Alinuna mwezi mzima, lakini Onchiri alibaki.

Daktari Nyakundi alipokuja hakunilaumu, na ningependelea anilaumu. Alitia mkono kwenye ndoo ya utomvu hadi kiwikoni, akausubiri ukauke, akaupitisha chini ya jicho. Kijani. Akakaa juu ya ndoo nyingine akacheka bila furaha. "Kule maabara sote tuko na mikono safi," akasema.

Tulifanya mambo manne. Taa moja tuliishusha, imulike kutoka kando karibu na mkanda, ili mkono wa rangi yoyote utupe kivuli, na kivuli kinachosogea jicho linakiona. Akina mama wa chumba cha kuchambua wakatushonea bendi za mkononi, mistari myeusi na myeupe, ambazo kila anayesimama mdomoni huvaa. Skrubu nikairudisha ilipokuwa, nikaifunga kwa rangi nyekundu ya kucha za binti yangu, ili atakayeigusa ajulikane. Mabonge yakaanza tena kutuzimia mashine, si kama mwanzo, lakini yanazima, na Bwana Nyang'au akajifunza kuvumilia. La nne ni kile kibao. Jicho hujaribiwa siku ya kazi, zamu ikiisha, mkanda ukiwa na majani, na kwa mkono wa mtu aliyetoka kazini. Hata kama meneja anaita.

Mzee Odhiambo nilimpigia simu kumweleza. Nilimaliza, nikasubiri aniambie alinionya.

"Pole, nyathina," akasema. "Ulikuwa na haraka."

Hayo ndiyo niliyomwambia Kerubo wiki iliyopita, kwa ufupi zaidi, tukiwa tumesimama chini ya kibao. Alisikiliza vizuri. Kisha, kwa kuwa alitaka kunifurahisha, akanivuta hadi kwenye mashine. Zamu ilikuwa inakaribia kuisha, majani yanapita.

"Mama, test ya leo ufanye wewe. Kwa heshima."

Nikanyoosha mkono. Ulikuwa umetakata, tangu nistaafu ule weusi wa kwenye mistari ya viganja umeniacha, jambo ambalo sikulitarajia na lililonihuzunisha kidogo. Taa ikageuka nyekundu, mashine ikasimama.

"Iko poa," Kerubo akasema, akafungua daftari.

"Usiandike. Umesoma nini pale mlangoni? Washa, halafu mwite Onchiri."

Akaja akiwa na utomvu hadi viwikoni. Ukucha wa kidole cha kati uliota tena, umepinda kidogo. Tulisalimiana kwa Kikwetu, akaniuliza habari za nyumbani, nikamuuliza za harusi. Sikuhitaji kumweleza nilichotaka. Alikibana kijiti kwapani, akaivua ile bendi yenye mistari akaitia mfukoni, na kusimama mahali pake. Majani yalikuwa meusi, na mkono wake ulikuwa mweusi vilevile. Akautazama jinsi mtu anavyotazama mto kabla ya kuvuka, na hakuna aliyemharakisha. Mimi nilishika ukingo wa mkanda.

Akaupitisha.

Nyekundu. Rola zikasimama, na kivuli cha mkono wake kikabaki juu ya majani, kirefu, vidole vitano.

"Imeniona," akamwambia Kerubo. "Sasa andika."

Kisha akavaa bendi yake, akakitoa kijiti kwapani, na mashine ilipowaka tena akasukuma kwacho bonge dogo ambalo mtu yeyote angelisukuma kwa kidole.